Kanda la Usufi

Kwanza kilikufa kidole gumba.
Hakikufa, kililala tu,
nikiwa nimesimama jukwaani, kichwa nyuma,
kwenye ukumbi wa ngazi wa nyumba moja ya Sololaki,
nikimrudishia malaika wa darini
shavu lake lililoliwa na ukungu.
Brashi ikanitoka. Ikaanguka orofa mbili,
na Vazha, aliyekuwa chini akikoroga chokaa,
akacheka: "Tsiala, leo umeanza kunywa mapema."

Miaka ishirini na minane nimeishi nikitazama juu.
Watu hudhani ni uchaji Mungu.

Daktari alitundika picha kwenye mwanga:
pingili zangu, ngazi nyingine mbovu,
ya tano imeiegemea ya sita
kama walevi wawili watokao harusini,
na katikati yao, kama upindo wa gauni uliobanwa na mlango,
mshipa wa fahamu.
"Hautapona wote," alisema. "Mtaishi pamoja."
Nikatoka pale shingo upande,
na safari hii haukuwa msemo.

Basi tunaishi pamoja.
Namjua kama wifi aliyehamia bila kubisha hodi:
alfajiri anawasha jiko nyuma ya bega,
saa nne anateremka hadi kwenye kiwiko, na viatu vyake vya visigino,
jioni ya mvua yuko kwenye kucha, amekaa.
Nikibeba tikiti maji toka sokoni, ananuna siku tatu.
Nikicheka kichwa nyuma, ananilipiza usiku.
Nimejifunza kucheka nikitazama sahani.

Eteri wa mazoezi ana mikono baridi, maneno haba.
"Kidevu ndani. Kama mtu aliyetajiwa bei."
Mara kumi asubuhi, mara kumi kabla ya kulala
navuta kidevu, natajiwa bei,
na kila siku bei ni ileile.
Kila dakika ishirini simu inalia: shuka.
Nashuka.
Vazha hacheki tena. Amenigongea kiti cha kuegemea
kwa mbao za kabati la marehemu mama yake,
akakiacha jukwaani bila neno,
kama mtu aliyesahau kofia.

Lifti ya jengo letu haipandi bila sarafu.
Juzi sarafu ilinikimbia vidoleni mara mbili,
mara ya tatu mtoto wa jirani akaiokota, akaitumbukiza,
akanitazama jinsi watoto wanavyotazama wazee.
Nina miaka hamsini na mmoja.
Nilimwambia asante. Nilitaka kumzaba kofi.

Mzigo wa mwenzio, ati, ni kanda la usufi.
Nimenunua mito saba: wa manyoya, wa sponji,
mmoja wa maganda ya ngano unaonong'ona usiku kucha,
na kila asubuhi nauinua mto, mwepesi kabisa,
nikajua ni kwa nini wanaoniuliza hali
huondoka kabla sijajibu.

Jumapili naenda kwenye hamamu ya salfa.
Maji yananuka mayai yaliyosahauliwa.
Mama msuguaji anauliza, hapa? Hapa?
Chini yake, nasema, ndani zaidi,
huko kusikofika mkono.
Nusu saa nzima simsikii.
Halafu natoka, namkuta mlangoni,
amenishikia koti.

Jana niliweka kioo sakafuni,
nikaitazama kazi yangu kwa kuinamisha macho tu.
Ndipo nikaona, kwenye sikio la malaika,
mstari wa fundi wa kwanza, wa miaka mia na zaidi,
unakwenda vizuri, unakwenda,
kisha unatetemeka, unaruka, unaendelea chini kidogo
kwa mkono mwingine.

Naijua ruka ile.
Nilikuwa na rangi tayari, na amri ya kunyoosha.
Simu ikalia.
Nikashuka, sikio nikaliacha kama lilivyo.